Belarrondo wa Fereej Bin Mahmoud

Kadi ya kazi ambayo Douglas alivaa shingoni kila siku ilikuwa na tabia ya kumwanzishia mazungumzo asiyoyataka. Picha ilionyesha kijana mweusi wa Kitale, kipara kimeanza kubisha hodi, na chini yake jina: Douglas Belarrondo. Watu walisoma, wakamtazama, wakasoma tena. Mfilipino mmoja wa stoo alimwita "Señor" mwaka mzima wa kwanza. Daktari mmoja wa Kimisri alimuuliza kama babake aliwahi kucheza mpira Brazil. Wakenya wenzake ndio waliokosa huruma kabisa. Kwenye kikundi chao cha WhatsApp walimbatiza Bela wa Telenovela, na jina likamganda.

Yeye alicheka tu. Douglas alikuwa mtu wa kucheka, fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya Doha, anayeitwa wodi hii na ile kwa sababu mashine imegoma, naye akifika anaanza kwa kuisalimia mashine kabla ya kuigusa. Akiulizwa kuhusu jina alikuwa na jibu lake moja la siku zote: "Ni la mzungu aliyemlea baba yangu." Basi. Aliishi na jina hilo zaidi ya miaka thelathini kama mtu anavyoishi na shati alilopewa: linamtosha, na hajali lilishonwa wapi.

Akaanza kujali Bella alipojifungua.

Bella, mkewe, alikuwa muuguzi, Mkipsigis wa Bomet, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Mtoto alikuwa wa kike, mnene, mwenye nywele tele, na kwa kuwa serikali haingoji mtu, waliandikisha jina la Michelle, wakapata cheti. Kwa Bella hilo lilikuwa jina la ofisini. Jina lenyewe lilikuwa halijaja. Kwa watu wa kwao mtoto mchanga haji peke yake, huja na mtu. Wanawake hukaa naye, wakataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, kwa maana huyo marehemu ndiye aliyerudi. Mambo hayo huitwa kurenet. Mama yake Bella, ambaye kila mtu alimwita Gogo, yaani nyanya, alikuwa shemasi kanisani na Jumapili aliimba kwaya safu ya mbele. Lakini kuhusu chafya hakutaka kusikia neno la mchungaji yeyote.

Kwa kuwa Gogo alikuwa Bomet na mtoto yuko Doha, walifanya kwa simu. Terry, rafiki yake Bella aliyekuwa akifanya kazi ya hoteli, alikuja kusaidia. Simu iliegemezwa kwenye mkebe wa maziwa, Gogo akajaa kwenye kioo na kilemba chake cha kanisani, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa kumfukuza mkwewe.

"Douglas bado ako hapo? Hii si mambo ya wanaume."

Douglas akatoka, akaketi kwenye ngazi za jengo. Fereej Bin Mahmoud ni mtaa wa magorofa yaliyobanana, na ngazi zao zilikuwa na harufu ya mchuzi wa kila taifa. Alikaa akinusa dengu za Wanepali wa chini na kusikiliza mlangoni. Gogo alitaja wafu wa upande wake, watu waliochunga, waliopika pombe, waliozaa mapacha, mwanamke mmoja aliyempiga chifu kofi. Mtoto alipiga miayo. Gogo akarudia. Mtoto akamkojolea Terry.

"Alitaka ugoro kidogo puani," Gogo alisema.

"Mama, mimi ni nesi," Bella alijibu. "Hakuna ugoro kwa pua ya mtoto wangu."

"Basi ni watu wa babake anangoja. Mwambie bwanako anipe wafu wa upande wake, tuwaite. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Mimi nilikuwa najaribu tu."

Douglas alisikia hayo yote akiwa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakucheka. Wafu hakuwa nao.

Babake, mzee Augustine, aliokotwa. Hilo ndilo neno lake mwenyewe mzee, na hakulionea haya. Alikuwa mtoto mdogo aliyefika kwenye misheni moja Pokot Magharibi baada ya uvamizi wa ng'ombe, amefuata watu waliokuwa wakikimbia, na walipotawanyika hakuna aliyemdai. Lugha aliyokuwa akiongea ilimchanganya kila mtu, kwa sababu alikuwa na maneno ya makabila mawili au matatu na njaa juu yake. Hapo misheni palikuwa na Mhispania mmoja mchimba visima, asiye padri, aliyeitwa Bruda Fermín. Bruda ndiye aliyemchukua. Alimlisha, akamfundisha kushika spana, akampeleka shule. Mwalimu mkuu alipouliza jina la baba, Augustine alisimama wima, akataja jina la mwisho la Bruda, kwa kuwa jina la baba ni lile la mwisho, hilo mtoto yeyote wa shule ya Kenya analijua. Hivyo ndivyo Belarrondo alivyoingia kwenye rejista za Kenya. Baadaye Bruda alirudi kwao kwa sababu ya malaria na mapafu, kadi za Krismasi zikaja miaka kadhaa, kisha zikakoma. Augustine akawa fundi wa mabomba Kitale, akaoa Mbukusu, akazaa.

"Wafu wa mamako si wako tele huko Bungoma?" Bella alimuuliza jioni hiyo.

"Gogo amekataa. Amesema hao ni wa ukoo mwingine."

"Sasa?"

"Sasa sijui."

Hapo ndipo Douglas alipofahamu kwamba kicheko chake cha miaka yote kilikuwa na shimo chini yake. Alitaka marehemu mmoja tu. Mtu mmoja wa upande wake anayeweza kuitwa kwa jina mbele ya binti yake, ili siku moja msichana huyo akiulizwa yeye ni wa nani awe na la kujibu zaidi ya utani. Mtu wa pekee aliyefaa alikuwa Bruda Fermín. Lakini hakuna aliyejua kama Bruda alikuwa amekufa, na walio hai hawaitwi. Douglas alijikuta anamwombea mzee wa watu awe marehemu, akaona aibu, akaomba msamaha, kisha akajikuta anaomba tena.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kumtafuta Nieves.

Nieves alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitalini, mwanamke wa Navarra, kaskazini mwa Hispania, mwenye sauti ya kuita mbuzi mlimani. Miaka mitatu nyuma alikuwa amesoma kadi ya Douglas na kupiga kelele kwenye lifti kwamba hilo ni jina la kwao, tena la mabonde ya ndani kabisa, na kwamba hajawahi kukutana na mtu anayelivaa. Douglas alimjibu kwa lile jibu lake moja, lifti ikafunguka, mambo yakaishia hapo. Sasa alimsimulia yote, pamoja na chafya. Nieves aliacha kahawa yake ipoe.

"Nina mjomba," alisema. "Anaitwa Patxi. Alikuwa mpeleka barua. Tangu astaafu anafuatilia koo za watu wa bonde letu, bila kulipwa, bila kuombwa. Wengine wanafuga njiwa. Mpe jina tu, atakutafutia mpaka mtu asiyependa kutafutwa."

Wakampa mjomba Patxi jina: Fermín Belarrondo.

Mjomba alifanya kazi. Kila baada ya siku chache Nieves alimletea Douglas habari kwenye kantini, naye Douglas akazipeleka nyumbani kama mtu anayeleta nyama. Belarrondo, ilitokea, lilikuwa jina la nyumba. Katika mabonde yale nyumba ndizo zenye majina, na watu walichukua jina la nyumba waliyolala. Nyumba hii ilikuwa kando ya uwanda wa majani, na maana ya jina ni hiyo tu, pembeni mwa majani. Bella alilipenda sana hilo. Alisema hata kwao Bomet mtu anaweza kuitwa hivyo bila kuuliza ruhusa ya Hispania. Terry naye, akisikia kwamba nyumba ilikuwa na ng'ombe chini na watu juu, alisema hao ni Wakalenjin waliopotea njia.

Kisha ikaja habari mbaya.

Nieves hakuagiza kahawa siku hiyo. Alikaa, akaweka mikono mezani.

"Mjomba amefuata wanaume wote wa jina hilo. Walikuwa wachache, na wamekwisha. Wa mwisho alizaa mabinti watupu, akafa kabla ya vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuna Fermín. Kwa umri wa Bruda wako, hakuwezi kuwa na mwanamume Hispania anayeitwa Belarrondo. Jina lilikuwa limeshazikwa."

"Unamaanisha nini?"

"Simaanishi kitu. Mjomba anauliza kama huyo bwana aliokota jina mahali."

Douglas alirudi kazini akatengeneza printa tatu bila kuzisalimia. Kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa la kuokota, kama babake. Bruda alikuwa nani basi? Watu hukimbilia Afrika na majina ya bandia kwa sababu mbalimbali, na hakuna hata moja nzuri. Alimpigia babake simu akiwa bado na joto la hasira, na hilo alilijutia baadaye.

"Baba, una uhakika yule mzee alikuambia jina lake la kweli?"

Upande wa Kitale kulikuwa na mlio wa bomba likigongwa. Ukakoma.

"Unauliza nini, Douglas?"

"Huko kwao wanasema hakuna mtu kama huyo."

"Huyo mtu alinitoa chawa kwa mikono yake," Augustine alisema. Hakupaza sauti. "Mmoja mmoja, kwa taa, akiniimbia. Usiwahi kuniambia alikuwa muongo. Jina lake liko kwa tangi ya misheni mpaka leo, aliliandika kwa simiti ikiwa mbichi, mimi ndiye nilimshikia mwiko. F, R, halafu Belarrondo. Nenda uone."

"R ya nini?"

"Sikuwahi kuuliza. Mimi nilidhani ni Roho, kwa sababu alikuwa mtu wa Mungu."

Douglas alicheka, hakuweza kujizuia, na babake akacheka pia, na hasira ikaisha palepale. Lakini ile R ilibaki. Kesho yake alimtajia Nieves, kwa kumfurahisha tu, kuhusu Roho.

Nieves hakucheka. Alijipiga kofi kwenye paji la uso, mpaka wagonjwa wa chumba cha mazoezi wakageuka.

"Mimi ni mjinga! Mimi na mjomba wangu, wote wajinga wawili!" Alishika kadi yake ya kazi, akaitikisa. "Soma hapa. Nieves Ochoa. Unadhani hilo ndilo jina langu lote? Mimi ni Nieves Ochoa Lizarbe. Kwetu kila mtu ana majina mawili ya ukoo. La kwanza la baba, la pili la mama. Mwanamke akiolewa habadilishi. Hapa Doha walikata la mama kwa kuwa halikutoshea kwenye kadi, nikazoea, nikasahau. Ninyi Kenya mnachukua la mwisho, si ndiyo?"

"La mwisho ndilo la baba."

"La mwisho ndilo la mama! R ni ukoo wa baba yake. Ruiz, labda, au Romero, watu maelfu. Belarrondo ni mama yake. Ulisema umetupa jina la baba wa huyo bwana, nasi tukafuata wanaume. Wale mabinti watupu, Douglas! Hakuna aliyewafuata mabinti."

Douglas aliketi juu ya mpira mkubwa wa mazoezi, ukambeba vibaya, akaanguka. Alinyanyuka akicheka peke yake.

Safari hii mjomba Patxi hakuhitaji siku nyingi. Binti mdogo wa yule Belarrondo wa mwisho aliitwa Basilisa. Aliolewa na mchonga mawe aitwaye Ruiz, akazaa watoto, na kitinda mimba wao, Fermín, alikwenda Afrika kuchimba visima. Basilisa alifariki mwanawe akiwa bado Pokot. Wajukuu wake wote walizaliwa kwa wanawe wa kiume, wakawa na Ruiz mbele na majina ya mama zao nyuma, kwa hiyo Belarrondo liliishia kwao kama mfereji uliozibwa. Na Fermín mwenyewe, mjomba Patxi alisema, alikuwa katika nyumba ya wazee inayoendeshwa na masista, nje kidogo ya Pamplona, amepita tisini, hasikii vizuri upande wa kushoto, na analalamikia supu.

"Yuko hai," Douglas alimwambia Bella. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na viatu mkononi.

"Yuko hai!" Bella alisema, akamkumbatia pamoja na mtoto. Kisha wazo lilelile likawapata wote wawili pamoja.

"Sasa hawezi kuitwa," Douglas alisema.

"Usiseme hivyo kwa sauti ya huzuni, mtu asikusikie."

Alifurahi kweli, na furaha hiyo ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Ila alikuwa amerudi pale pale. Jina la ofisini lilikuwa Michelle, na Gogo bado alimwita mtoto "huyu" kila alipopiga simu, bila kukusudia ubaya, kama mtu anayengoja kujulishwa.

Bella ndiye aliyemweleza mamake habari yote, siku ya Alhamisi, akikunja nepi huku simu imewekwa kwenye sauti ya nje. Alieleza majina mawili, la baba na la mama, na jinsi mzee Augustine alivyochukua la mwisho. Gogo alisikiliza, akauliza mara mbili kama kweli mwanamke wa huko haachi jina la kwao akiolewa, akasema hao watu wana akili. Halafu akasema:

"Kwa hivyo hilo jina mnalobeba ni la mama ya huyo mzungu."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyo mama amekufa?"

"Kitambo."

"Sasa shida iko wapi?"

Douglas, aliyekuwa jikoni, alitokeza kichwa mlangoni. Simu haikuwa na picha wakati huo, akajitosa.

"Mama, lakini yule alikuwa mzungu. Na hakuna damu."

"Ni wewe, Douglas? Hata shikamoo hakuna?"

"Marahaba... yaani, shikamoo, Mama."

"Sikiza. Baba yako alipatikana na njaa. Nani alimlisha?"

"Bruda."

"Na nani alimzaa huyo, akamlea mpaka akawa mtu wa kulisha mtoto wa wenyewe? Huyo ndiye nyanya wa hiyo nyumba yenu. Na jina lake mmelibeba miaka hii yote bila hata kumsalimia. Mimi kama ningekuwa yeye ningekuwa nimekasirika. Niambie anaitwa nani."

"Basilisa."

"Basilisa," Gogo alisema, akalijaribu tena polepole. "Hilo hata halisumbui mdomo. Kesho asubuhi. Na wewe utatoka nje."

Ijumaa asubuhi Doha huwa tulivu, maduka bado yamefungwa, na Desemba hewa ni ya kuvaa sweta. Terry alikuja na mandazi. Gogo alikuja kwenye kioo cha simu na majirani zake wawili nyuma yake, wamevaa vizuri kama wa harusi. Douglas alitolewa nje, akaketi ngazi ileile, akabandika sikio mlangoni bila haya yoyote.

Gogo alianza mbali. Aliwasalimu wa upande wake kwanza, akawaomba wasione vibaya. Kisha akasema, kwa Kikipsigis ambacho Douglas alikielewa nusu, kwamba leo kuna mgeni, mwanamke wa mbali, mwenye nyumba kando ya majani, mwenye ng'ombe, mama wa mchimba visima. Kama ni yeye, na aseme.

"Basilisa," aliita.

Douglas alisikia friji ikinguruma.

"Basilisa."

Akasikia Terry akijaribu kumbembeleza mtoto, na Bella akimwambia amwache. Hapo kwenye ngazi Douglas alifumba macho. Alikuwa ameshika kadi yake ya kazi, ambayo alivaa hata siku ya mapumziko kwa mazoea tu, na aliona kwamba alikuwa akitaka jambo hili kuliko kitu chochote alichowahi kutaka, kuliko visa, kuliko kazi. Alimsemesha mwanamke asiyemjua. Alimwambia, mama, samahani kwa kuchelewa.

"Basilisa, mama wa Fermín. Ni wewe?"

Chafya iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko mtoto. Ikafuatwa na ya pili. Terry alipiga vigelegele vilivyoteremka ngazi zote mpaka barabarani, na simu ikajaa vigelegele vya Bomet, na mlango wa pili ukafunguka. Mama mmoja wa Kisiria akatoa kichwa, akamkuta Douglas amekaa chini analia na kucheka, akauliza kwa wasiwasi kuna nini.

"Bint," Douglas alimwambia, maana Kiarabu chake hakikuwa kingi. "Binti yangu ana jina."

"Mabruk, mabruk!" yule mama alisema, akarudi ndani, akatoka na sahani ya tende.

Terry alisema baadaye kwamba ni vumbi la kiyoyozi. Bella alimjibu kwamba kiyoyozi kilikuwa kimezimwa tangu Novemba, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Mchana, kwa utaratibu wa Nieves, walipiga simu ya watu watatu. Mjomba Patxi alikuwa nyumba ya wazee ameshika simu yake mbele ya mzee mmoja mwembamba mwenye kofia bapa ya sufu, koti limefungwa mpaka shingoni. Mzee Augustine alikuwa Kitale, amevaa suti ya kanisani, ameketi mbali mno na kamera hivi kwamba walimwona kuanzia kidevu kwenda chini.

"Augustino," yule mzee alisema. "Uko wapi? Naona tai tu."

Augustine akainama, uso ukaingia. Walitazamana tu, fundi mwenye mvi na mzee aliyemtoa chawa. Bruda ndiye aliyeanza, kwa Kiswahili cha misheni kilichokuwa kimekaa kabatini miaka mingi lakini hakijaliwa na mende.

"Tangi bado linashika maji?"

"Linashika, Bruda. Halijavuja hata siku moja."

"Nilikuambia mchanga safi."

"Uliniambia."

Walicheka, kisha Augustine akatoa leso. Douglas akawaacha wamalize. Alipoona ni wakati, alisogea mbele ya simu na mtoto mikononi, Bella pembeni yake, akaeleza. Alieleza taratibu, akipaza sauti upande wa sikio zima: jinsi babake alivyochukua jina la mwisho akidhani ni la baba, jinsi watu wa Bomet wanavyowaita waliotangulia, nani aliitwa asubuhi hiyo, na mtoto alifanya nini.

Bruda hakujibu. Mjomba Patxi alidhani hajasikia, akaanza kumrudia kwa Kihispania, lakini mzee alimzuia kwa mkono.

"Mama yangu," alisema, "siku naondoka, hakulia kwa sababu ya Afrika. Alilia kwa sababu ya jina. Alisema, jina la nyumba ya baba yangu linaishia kwako, Fermín, na wewe unalipeleka kulizika kwa watu wasiotujua." Akapangusa mdomo. "Nilimwandikia kwamba Augustino yuko shule. Sikujua amejiandikisha vipi. Mimi nilikuwa sijui."

"Mimi pia nilikuwa sijui, Bruda," Augustine alisema.

"Mlete karibu."

Douglas alimsogeza mtoto mpaka uso wake ukajaza kioo. Alikuwa macho, ananyonya ngumi, anatazama ule mwanga kwa makini. Mzee wa miaka tisini na zaidi alivua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa mtoto wa miezi mitatu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mtoto akaitoa ngumi mdomoni. Bella akaitikia kwa niaba yake.